Maharage Ndani ya Blanketi

Jumatano jioni

Bado magumu. Asubuhi niliyachemsha maharage kwa gesi dakika ishirini tu, nikaifunga sufuria kwa blanketi ndani ya kapu ili joto liendelee kuyapika, nikaenda kazini. Nataka kujua kama nyumba yetu hapa Niboye inaweza kuishi bila makaa.

Mama mkwe alishinda nyumbani. Nilimuuliza kama alifunua.

"Mara nne," akasema. "Nilitaka kuona ni nani anayeyapika."

Niliudhika, halafu nikacheka. Hata mimi ningechungulia.

Nilihofia kesho atawasha tena imbabura yake ya makaa. Lakini sasa hivi nimemkuta jikoni analoweka maharage mengine. Kitenge chake cha kanisani kiko juu ya kapu.

"Blanketi lako ni jepesi," amesema.