Wakili wa Bilele na Kaburi la Tumaini

Muleba, Kagera

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta umeamka salama, na goti lako la kushoto limeanza kusikia dawa. Kama bado, usiendelee kulificha chini ya khanga ukidhani wanao hawaoni unavyochechemea. Mimi ni mzima. Nafundisha, nakula, na mvua ya huku inanyesha karibu kama ya Tukuyu, ila hii ina radi zaidi na adabu kidogo.

Mdogo wangu Anyisile amenifikishia maneno yako, kwamba umekisafisha chumba cha nyuma na unauliza lini nakuja na mizigo. Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu tukianza tu mmoja wetu analia na mwingine anasingizia mtandao. Barua utaisoma mara mbili, hasira ya kwanza ikishapita.

Talaka imetoka, Mama. Ni mwezi sasa. Ninajua unavyolisikia neno hilo, na ninajua wanawake wenzako wa kanisani watakavyolisikia, lakini afadhali ulipate kwangu.

Unajua Elieza alivyoondoka. Hakunipiga wala hakunifukuza. Tulipomzika mwanetu Tumaini alianza kunyamaza, kisha akahamia Kemondo kwenye kazi yake ya mizigo bandarini, akapata chumba huko, na baadaye akapata wa kukaa naye. Miaka minne nilimngoja. Mchungaji alituita mara mbili, Elieza akaja mara moja. Nilipochoka kungoja, sikuogopa kubaki bila mume, kwa sababu hilo nilikwisha kulizoea. Nilimwogopea Tumaini.

Mwanangu amelala Nshamba, kwenye kibanja cha ukoo wao, katikati ya migomba, pembeni ya babu yake. Wahaya huzika nyumbani kama sisi, kwa hiyo hilo sina haja ya kukueleza. Kibanja kile cha migomba na kahawa ni cha ukoo. Hakiuzwi kwa mtu baki, na mwanamke aliyeachika hana lake pale. Nikishakuwa si mke wa Elieza, ninaingia kwenye migomba ile kama nani? Swali hilo lilinikalisha kwenye ndoa iliyokufa mwaka mzima zaidi, wakati wewe ukidhani bado nampenda.

Nilipoanza, nilianza kwa kosa. Nilikwenda kwa wazee wa ukoo nikiamini kwamba nikiwaheshimu wao kwanza, mengine yatanyooka. Walikaa siku nzima wakitafuna kahawa, wakaandika muhtasari wa kurasa tatu, na kila mzee akaweka dole gumba. Muhtasari ule ulipendeza kuutazama. Mwalimu mwenzangu akanipa namba ya wakili wa Mwanza, tukazungumza kwa simu, nikampigia picha zile kurasa, naye akafungua shauri. Siku ya kutajwa, hakimu alizigeuza mbele na nyuma akauliza iko wapi hati ya baraza la usuluhishi wa ndoa. Wakili wangu alikuwa amedhani madole gumba yote yale ni ya baraza, na mimi nilidhani ukoo ndio baraza lenyewe. Shauri likaondolewa. Nilirudi nyumbani kama mwanafunzi aliyerudishwa kwa kukosa sare.

Ndipo mke wa mchungaji akanipeleka Bukoba, mtaa wa Bilele, kwa wakili Koku. Ofisi yake ni chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na ukiwa unasubiri zamu yako unasikia mabati yakipakiwa. Ni mama wa makamo, mfupi, miwani yake hukaa kichwani kuliko machoni. Nilidhani ataanza na vyeti. Yeye akaniuliza ni kitu gani ambacho nisipokipata, hata nikishinda mengine yote, nitaona nimeshindwa. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Hata wewe, Mama, unisamehe. Nikamwambia ni kaburi.

Akasema, "Mwalimu, ile nyumba mliyojenga pamoja Muleba mjini nitaipigania, na sehemu yako utaipata. Kaburi sina kifungu cha kukusomea. Nikikuambia ninacho nitakuwa nakudanganya."

Nilimwamini kwa sababu ya jibu hilo. Akapanga tuanze upya kwa baraza la usuluhishi la kata, halafu ajaribu kuandika makubaliano kwamba nitaruhusiwa kupita hadi kaburini, Elieza na wazee watie sahihi, tuyapeleke mahakamani pamoja na mengine.

Kwenye baraza la kata mawakili hawaruhusiwi kusimama, kwa hiyo alinisindikiza hadi Nshamba, akakaa ng'ambo ya barabara kwenye kibanda cha chai, mimi nikaingia peke yangu. Elieza alikuja na shati lililopigwa pasi vizuri sana, nikaona wivu wa kijinga. Walimuuliza mara tatu kama atarudi nyumbani. Alitazama dari mara zote tatu. Nami waliponiuliza nikasema hapana, sauti ikatoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Hati ikaandikwa siku ileile.

Yalibaki makubaliano ya kaburi. Wakili Koku alisema karatasi ile itapita au itakwama kwa mama mkwe wangu, si mahakamani. Tukaenda kwake. Walikuwepo Elieza, baba yake mdogo, mzee mwingine mmoja na mama mkwe. Wakili akaisoma kwa Kihaya, polepole, kwa heshima. Baba mdogo alisikiliza hadi mwisho, kisha akasema ukoo hauwezi kuweka sahihi ya njia kwa mtu wa nje. "Leo njia, kesho mpaka," alisema. Elieza aliinamisha kichwa. Mimi nilikuwa nimejiandaa, Mama. Nilikuwa na hotuba. Nilipofungua mdomo wakili akaniwekea mkono gotini, nikaufunga.

Kisha mama mkwe akainuka, akaingia ndani, akarudi na kikapu chake kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile wanayoita akamwani. Aliwapita wazee. Akaja kwangu kwanza, akanitilia punje kiganjani.

Miaka kumi na moja mimi ndiye niliyekuwa nikikizungusha kikapu kile. Sikuwahi kukaribishwa nacho hata siku moja, kwa sababu hukaribishwa mgeni, na mkamwana si mgeni. Nilielewa kwamba ananitoa katika nyumba yake, tena kwa adabu zote. Nililia mbele yao, na sikuona aibu.

Mama mkwe alisubiri ninyamaze. Ndipo akasema kwa Kihaya, na nilielewa kila neno, "Mke wa mtu akiondoka, ameondoka. Mgeni hurudi. Tafuna, Mama Tumaini."

Nikatafuna. Wazee hawakupinga, maana hakuna anayemfukuza mgeni wa bibi yule nyumbani kwake. Wakili Koku akaikunja karatasi yake, akaitia kwenye mkoba.

Njiani nilimuuliza kwa nini hakuipigania. Alisema karatasi wangeipinga hadi wajukuu zao, lakini mgeni yule hawatampinga, labda siku bibi atakapokuwa hayupo. Siku hiyo tutakaa tena, alisema. Nimelifikiria jibu hilo mara nyingi. Wakili wa Mwanza hakuwa mtu mbaya. Angepigana, na pengine angeshinda, nami ningekuwa na karatasi nzuri na lango lililofungwa.

Ya mahakamani sitakuchosha nayo. Nyumba imegawanywa kwa haki, na nimepanga vyumba viwili karibu na shule.

Jumamosi ya kwanza baada ya talaka nilikwenda Nshamba. Nilipiga hodi, Mama, kwenye mlango ambao nilizoea kuufagia kila nilipolala pale. Mama mkwe alinitolea kiti akakiweka karibu na kaburi. Majani yalikuwa yameota. Nilipoinama kuyang'oa akanizuia, akasema mgeni halimi. Akainama yeye, na mgongo wake ule, akapalilia taratibu, mimi nimekaa mikono mapajani kama niliyekuja kuposa. Jumamosi ya pili ikawa hivyohivyo. Nilirudi Muleba nikijiambia kwamba pengine wewe una haki, pengine ni heri nije nyumbani kuliko kutazama kaburi la mwanangu likihudumiwa na mtu mwingine.

Jumamosi iliyopita nilipiga hodi tena. Sikuona kiti. Mama mkwe alitoka na majembe mawili, akanipa moja, akatangulia. Msemo wa mgeni na siku ya tatu unaujua vizuri kuliko mimi, maana ulikuwa ukiwatupia mawifi zako waliokaa sana. Tulilima hadi jua likawa kali.

Kwa hiyo siji na mizigo, Mama. Nitakuja likizo ya Desemba, na chumba cha nyuma mwachie Anyisile aweke magunia yake. Usiwaze kwamba nimewachagua wao nikakuacha wewe. Wewe una watoto watano wa kukutembelea. Tumaini ana mimi na bibi yake.

Nisalimie baba mkubwa, mwambie ninaendelea kusali hata kama amesikia vingine. Msalimie dada wa hospitalini, mama mdogo wa sokoni, na jirani yetu fundi cherehani aliyenishonea gauni la harusi, mwambie gauni halikuwa na kosa.

Unisamehe mwandiko mbaya. Viganja vimetoka malengelenge, na kalamu inateleza.

Mwanao,
Atupele, Mama Tumaini