Chumba Kilichokataa Kufutika

Kerege,
14 Septemba

Mpendwa Dada Gertruda,

Shikamoo dada. Tumsifu Yesu Kristo. Naomba barua hii ikukute mzima huko Tanga, wewe na wanao. Sisi hapa hatujambo. Mama magoti yanamsumbua, ila ulimi hauna ugonjwa. Jana amenigombeza mbele ya wateja eti ndevu zangu zinafukuza riziki. Usishangae kuona mwandiko wangu. Kila nikikupigia simu siku hizi anapokea shemeji, anasema umelala, na hiyo ni saa nne asubuhi. Basi barua nimempa Tina, binti wa mama mdogo, na nimemsisitizia akukabidhi wewe mwenyewe.

Dada, mwenzio nimechanganyikiwa. Tangu marehemu kaka Herman atutoke mwezi wa pili, mama hana wimbo mwingine ila ile nyumba aliyochorewa na mwanawe. Ameamuru ianze kujengwa kabla ya mvua za vuli. Mchoro umo kwenye kompyuta ya Herman, na kwa kuwa mimi nina steshenari, wote wakasema kompyuta ndiyo kazi yangu. Wapi! Ile ni Mac, mimi nimezoea Windows. Tena programu yake ya kuchorea majengo haikubali Mac, kwa hiyo marehemu aliiweka Windows nzima ndani ya Mac, kama mpangaji mwenye chumba na ufunguo wake. Wiki nzima nilitafuta mchoro upande wa mwenye nyumba, kumbe uko kwa mpangaji.

Nilipoupata, machozi yalinitoka. Ni kazi ya Herman kabisa, kila ukuta una kipimo chake. Nikauangalia, nikafuta chumba kimoja cha pembeni, mahali pake nikaweka fremu ya duka yenye mlango wa barabarani. Nikachapa karatasi, nikampa fundi Husseni, naye akaanza kuchimba msingi.

Siku ya tatu Husseni akataka kipimo cha dirisha. Nafungua mashine, chumba kimerudi! Fremu haipo. Nikasema labda sikuhifadhi. Nikafuta tena, nikahifadhi, nikazima. Kesho yake chumba kipo palepale. Nikafuta mara ya tatu, dada. Nilichukua maji ya baraka ya mama nikanyunyiza, mbali kidogo na kibodi. Hata! Chumba kikarudi. Nikaanza kusema peke yangu dukani, nikimwomba Herman aniambie anataka nini.

Mwishowe nikaibeba ile kompyuta hadi Bagamoyo mjini kwa Abdulazizi, yule anayetengeneza kompyuta. Alicheka mpaka akafuta macho. Akanieleza kwamba Herman, alipomaliza mchoro, aliiwekea ile Windows agizo: kila ikizimwa itupe yote yaliyofanywa humo na irudi kama alivyoiacha yeye. Akasema wengine hufanya hivyo kwa kuogopa virusi, wengine kwa kuogopa watu. Akauliza kama aliondoe hilo agizo ili kazi yangu ibaki. Nikamwambia aache kwanza. Nilirudi nyumbani bila hata kumlipa, ikabidi nimpigie simu kumwomba radhi.

Kwa nini nilikataa? Dada, hapa ndipo pagumu. Kile chumba Herman alikiandika jina. Aliandika, Chumba cha Gertruda na watoto, vitanda vitatu, mlango uwe na komeo la ndani. Nililisoma hilo tangu siku ya kwanza. Sikuteleza, nilifuta kwa makusudi. Nilijiambia dada ana kwake, mumewe ana nyumba ya vigae na gari, chumba Kerege cha nini? Nami nimechoka kupanga fremu ya watu. Mama aliponiuliza kwa nini mchoro una duka, nilimjibu kuwa ndivyo Herman alivyotaka. Nimemsingizia marehemu, kwa mama yake mzazi. Nisamehe.

Ila nilipokiona kile chumba mara ya nne, nikaacha kuangalia jina, nikaangalia komeo. Chumba cha mama hakina. Changu hakina. Herman hakuwa mtu wa kuandika neno la bure kwenye mchoro. Ulimwambia nini, dada, ambacho mimi hukuniambia? Au mimi ndiye niliyekuwa sisikii? Nimekumbuka Krismasi ulivyokaa na mtandio shingoni siku nzima katika joto lile, nami nikakutania. Naona aibu mpaka kalamu inateleza.

Jumatatu nilimweleza mama ukweli wote. Alijikongoja na magoti yake, akaenda mwenyewe kumwita Husseni. Husseni amefukia mfereji wa fremu, amechimba wa chumba. Komeo nimeshalinunua, la chuma, liko hapa mezani ninapoandika.

Usihangaike kunijibu. Tina atakaa huko siku nne, na nauli yako na ya watoto iko kwake. Chumba hakijaezekwa, kwa hiyo mtalala changu, mimi nitalala dukani. Mama anakusalimu sana, anasema ukifika usipige hodi.

Ni mimi mdogo wako,
Raymundi