Mama, Mlango wa Maji Nimeufungua Mimi

Mama yangu,

Tangu tukuzike sikuwa na la kukuambia isipokuwa hasira. Leo ninalo.

Lile bwawa la kuzuia mafuriko limejengwa upya, na kazi yako wamenipa mimi. Asubuhi na jioni natembea juu ya tuta, natafuta nyufa na mahali panapovuja. Navua viatu kama ulivyonifundisha: "Unyevu utauhisi kwa nyayo kabla hujauona." Kisha nasoma kina na kupiga simu wilayani.

Kaka yako yupo. Jumapili anakaa kiti cha mbele kanisani. Mjomba Yohana, mwenyekiti wetu wa kamati ya bwawa, aliyeziba njia ya maji ya ziada kwa viroba vya mchanga ili bwawa lijae na majaruba yake ya mpunga yasikauke! Uliviondoa mara mbili, akavirudisha mara mbili. "Dada, bwawa hili nalisimamia mimi au wewe?" Siku mvua ilipokataa kukatika ukapanda kuviondoa tena, tuta likakatika na kwenda na wewe. Msibani akasimama akasema ulikuwa mbishi. Mbishi, Mama. Mbele ya jeneza lako.

Wamemvua uenyekiti, basi. Ndugu wananiambia nisamehe, eti damu ni moja. Niliwajibu, msameheni nyie.

Sasa sikia. Wiki iliyopita maji yaligusa alama nyekundu. Wilayani wakaniambia nifungue mlango saa nane mchana, na kwanza niwaarifu wote walio bondeni. Kwa wengine niliwatuma vijana wa pikipiki. Kwake nilikwenda mwenyewe, kwa miguu, alisikie kinywani mwangu. Mpunga wake ulikuwa umeiva, wa njano, chini kabisa ya mlango.

"Mjomba, toa watu wako shambani. Saa nane nafungua."

"Mwanangu, nipe siku mbili tu nivune."

"Mama alipokuomba utoe viroba, ulimpa siku ngapi?"

Akapiga magoti, Mama. Mtu mzima yule, kwenye tope. Nikamwangalia mpaka nikashiba.

Nilizunguka bonde lote, hakubaki mtu wala ng'ombe. Saa nane nikazungusha usukani wa mlango. Tuta likasimama imara, nyumba zote ziko salama. Mpunga wake ukalala wote. Ilikuwa lazima nifungue, hata ungekuwa mpunga wetu. Lakini wewe siwezi kukudanganya: nilizungusha huku nacheka, na machozi yananitoka.

Mwezi ujao naitwa Mpanda mjini kutoa ushahidi kwenye kesi yake. Jana alituma watu wa kumwombea msamaha, nikawarudisha hata maji sikuwapa.

Lala, Mama. Nakuahidi kumsamehe sitamsamehe. Ila maji yakipanda tena, nitakwenda tena kumgongea mlango atoke. Asife maji. Namtaka mzima, akae pale mahakamani, anisikilize nikisema alichokufanyia.

Kwaheri, Mama.

Binti yako, Neema