Gitaa la Baba Halikulehemiwa

Nyumba ya kona, chumba cha nyuma
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa mdogo wangu, Kitindamimba wa nyumba hii,

Kwanza nakusalimu, na nataka kujua kama kile kikohozi kimekuachia au bado kinakuimbisha. Vaa nguo nzito, baridi haina shujaa. Sisi huku wazima. Goti la Mama linamsumbua kila wingu likitanda, lakini ulimi wake ungali na nguvu zote. Paa la jikoni linavuja palepale.

Umeniuliza mara mbili kama vile vifaa vya gitaa ulivyomtumia Baba vilifaa, na mara zote mbili nikakujibu habari za paa. Leo nakueleza. Kaa chini kwanza.

Unajua gitaa lilikuwa limechoka. Ukizungusha kifundo cha sauti linakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga, na swichi inakata mlio inapotaka yenyewe. Baba alijaribu kulehemu nyaya mwenyewe kama zamani, ila mikono yake siku hizi hutetemeka ikishika kitu kidogo. Pasi ya kulehemu ilimponyoka, ikatoboa kitambaa cha meza, ikamchoma kidole gumba. Nikamwambia tumpelekee fundi redio. Akaniangalia kama nimemtukana. Gitaa lake halifunguliwi na mtu mwingine.

Ndipo zikaja zile picha zako za vifundo na swichi visivyohitaji kulehemiwa. Alizikataa kwanza. Alisema waya uliobanwa tu ni mlango uliofungwa kwa kamba. Kisha akalifikiria: kulehemu hawezi, fundi hamtaki, na kukaa bila gitaa ndiko hawezi zaidi. Akasema, "Mwambie alete."

Laiti ungemwona! Aliilaza mikono juu ya mto ili itulie, akawa anaingiza ncha ya kila waya kwenye tundu lake na kuibana kwa bisibisi ndogo kama ya saa. Mama alimmulikia tochi huku akimtukana kwa mapenzi. Nyaya za swichi alizikosea, akazitoa, akazirudisha bila kuchoma chochote. Hapo akacheka peke yake. Alipochomeka kwenye amplifaya, sauti ilitoka safi hivi kwamba Mama aliacha maneno yake katikati. Kwenye nyuzi vidole vyake havitetemeki, mdogo wangu. Kwa hiyo jibu lako ndilo hilo: vifaa vilifaa.

Baba Mdogo alipopata habari, alikuja mwenyewe kumwalika Baba kwenye sherehe ya bendi. Bendi waliianzisha wawili, wewe unajua, na watu hawajaacha kumuulizia Baba. "Njoo upige nasi nyimbo tatu tu, kaka." Baba alinyoosha shati mwenyewe, hakutaka mtu amsaidie.

Wimbo wa kwanza, gitaa lake halikusikika. Nilikuwa nimesimama pembeni ya jukwaa, namwona vidole vinakimbia, lakini kwenye spika kimya. Akazungusha kifundo hadi mwisho. Akaibonyeza jeki, pale waya unapochomekwa. Akahamisha swichi huku na huku. Wimbo wa pili ulipoanza alichuchumaa, akawapa watu mgongo, akatoa bisibisi mfukoni na kukifungua kifuniko cha gitaa. Mkono ukaanza kutetemeka. Skrubu moja ikamponyoka, ikapotelea kwenye nyufa za mbao, naye akawa anaitafuta kwa magoti mbele ya ukumbi mzima.

Baba Mdogo akashika kipaza sauti. "Mvumilieni mzee wetu. Gitaa lake ni la kuchomeka kama pasi ya nguo, na leo umeme umegoma!"

Ukumbi ulivunjika mbavu. Baba naye akacheka, kama mtu anayelipa kiingilio. Akashuka.

Baadaye nilikutana na fundi mitambo wa bendi, yule wanayemwita Masikio. Alitaka kunikwepa, nikamzibia njia. "Dada, mimi nimetumwa tu," akasema. "Niliambiwa niizime sauti ya mzee kabla hajapanda. Bosi alisema watu wakimsikia huyu hawatataka kumsikia mwingine."

Nilirudi nyumbani mbio kumwambia Baba. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Masikio ni mwongo."

"Adanganye ili apate nini, Baba?"

"Kama si mwongo, basi mimi sina ndugu. Kwamba mikono yangu imekwisha, hilo nimeshalizoea. Acha iwe mikono."

Akanikataza kuligusa tena jambo hilo. Siku chache baadaye akampa Baba Mdogo gitaa, eti lipate mtu wa kulitumia. Baba Mdogo akalipokea kwa mikono miwili, na akarudi kumwambia kuwa ameng'oa vile vidude na fundi wake amelehemu kila kitu upya.

Nilikwenda kwenye mazoezi yao. Walipotoka kunywa chai, nikakifungua kifuniko, kimeshikiliwa na skrubu tatu. Kila waya uko pale Baba alipoubana. Hakuna hata tone moja la kulehemu.

Jana Baba Mdogo akaja nalo hapa nyumbani kutupigia. Baba alifumba macho, akatikisa kichwa kwa raha, kisha akaniambia, "Unasikia? Hiyo ndiyo kazi ya fundi." Akamshukuru mdogo wake. Baba Mdogo akaitikia, "Karibu, kaka," na muda wote aliokuwa akipiga alinitazama mimi, akitabasamu. Nilikwenda jikoni kukinga maji ya paa.

Usimwandikie Baba lolote kuhusu haya. Nimeshamwambia ukweli mara moja, na umeona ulivyompendeza.

Msalimie mkeo na wale mapacha, umbusu kila mmoja asije akalia wivu. Mama anakusalimu, anasema uache kujifanya huna njaa. Shangazi naye anauliza utarudi lini. Mola akufunike huko uliko kuliko blanketi lolote.

Baba anakusalimu sana. Amenituma nikuombe radhi kwa ajili ya vifaa vyako. Anasema vilikuwa vizuri, yeye ndiye aliyeviharibu.

Wako akupendaye bila kuchoka,
Dada yako