Mkuyu wa Kina Neema

Shikamoo Mama yangu kipenzi,

Huku Usa River baridi inashuka kutoka Mlima Meru, nalala na soksi! Juzi niliwasimulia wanafunzi wangu wa kidato cha tano jinsi mtaalamu mmoja alivyoondoa viti vya pweza, wale viumbe wa umbo la nyota wanaokula kome, kwenye mwamba wa bahari. Kome wakajaa mwamba mzima na viumbe wengine wakatoweka. Kumbe kiumbe mmoja tu ndiye aliyewashikilia wote.

Baada ya kipindi, Neema, binti mkimya kuliko wote, akanifuata machozi yakimlenga. "Mwalimu, baba anataka kukata mkuyu wetu. Twende ukamwambie."

Jumamosi tukapanda kwao. Baba yake akatukaribisha loshoro, mahindi na maziwa mgando, tamu ajabu. Nilianza kueleza, kisha nikamwachia Neema. Akasimulia yote, halafu akaonyesha juu ya mkuyu, hondohondo na mbega wakila makuyu.

"Baba, matunda mengine yakiisha, hawa wanakula hapa. Tukiukata, watakwenda wapi?"

Baba yake akaitazama mikahawa yake iliyo chini ya mti. "Mkuyu huu unainyima kahawa yangu jua," akasema. "Basi, nitapunguza matawi ya upande huu tu." Kisha akageukia jikoni, uso umemng'aa. "Mama Neema, njoo umsikie mwanao! Neema, hebu anza upya."

Mama, hapo nilikukumbuka sana. Wasalimie wote hapo Tanga, na usiache kunywa dawa zako. Nakupenda mno.

Mwanao,
Rehema