Picha ya Mguu wa Mama

4 Februari

Mdogo wangu mpendwa,

Kosa wanalofanya watu wengi wakipewa simu ya kupapasa ni kuibonyeza. Wanaikandamiza kwa kidole kama wanaua mdudu, halafu wanalalamika kwamba haisikii. Simu hii haibonyezwi. Inaguswa kama nilivyowafundisha wanafunzi wangu kumpima mjamzito: kiganja chepesi, taratibu, unatafuta mtoto amelaza wapi kichwa bila kumshtua mama yake. Siku nilipoigusa hivyo, ilinitii.

Nimetanguliza somo kabla ya salamu, nisamehe. Miaka thelathini na minane ya kufundisha uuguzi haimtoki mtu kwa sherehe moja ya kuagwa. Habari za hapo? Mama anaendeleaje na sukari yake? Cherehani yako imetengenezeka? Mimi ni mzima, ila magoti yanajua hali ya hewa kabla yangu.

Simu yenyewe ndiyo zawadi ya wanafunzi. Jambo moja tu limegoma. Wenzangu wanafungua zao kwa alama ya kidole; yangu imenikataa vidole vyote kumi. Nilimpelekea fundi, akaitazama mikono yangu akacheka: "Mama, alama zimelika! Ulikuwa unaosha nini?" Nikamwambia, "Watu." Basi natumia namba ya siri.

Mambo marefu nitaendelea kukuandikia kwenye karatasi na kuyapeleka ofisi ya vifurushi ya mabasi, maana herufi za simu ni ndogo kama chawa. Lakini picha nitumie. Ninaweza kuikuza kwa vidole viwili mpaka nikaona tundu la sindano. Nitumie za Mama. Na usisahau: mwenye kisukari huangaliwa miguu kila siku, hata akikufukuza.

Dada yako

9 Februari

Dada, shikamoo.

Hatujambo. Cherehani imepona, sasa mgongo wangu ndio unaodai fundi. Sare za shule ya jirani zimejaa mpaka kitandani, nalala na kola.

Ulipopiga ile simu ya video Jumapili tuliona kidevu chako na taa ya dari. Mama akasema, "Nani huyu anayeniongelesha kwa pua?" Nikamwambia ni mwanao mkubwa. Akasema, "Mwanangu ana uso." Tangu siku hiyo kila akipiga chafya anasema dada yako anapiga simu.

Sasa jambo lenyewe. Mama ana kidonda mguu wa kulia, pembeni ya kidole kidogo. Ni zile ndara mpya. Alinificha, nimekigundua kwa sababu soksi iligandia. Juzi nilikutumia picha asubuhi mapema, kabla sijaketi kushona. Kwangu inaonyesha imefika, lakini hukusema kitu, nikajua hujaiona. Itazame, uniambie nifanye nini. Mimi najua pindo na vifungo. Ngozi ya mtu ni kazi yako.

Mdogo wako

13 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mnacheka, hata kama mnaicheka pua yangu.

Picha haikufunguka. Nieleze, ili usidhani nimepuuza. Picha ikitumwa, hapa kwangu inatokea kwanza kama kisanduku cha kijivu chenye ukungu, na katikati kuna duara linalozunguka. Likizunguka likasimama, picha inaonekana. Likizunguka bila kusimama, basi ama bando limeisha, ama mnara una shida, ama nafasi ndani ya simu imejaa. Kwangu linazunguka tu. Nimeizima simu nikaiwasha, nimetoka nayo uani nikainyanyua juu kama mtu anayeanika nguo. Wapi.

Kwa maelezo yako hilo ni lengelenge la ndara. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kausha kwa kitambaa safi, mwache bila ndara. Hakuna haja ya kumhangaisha na safari.

Huku nimemaliza kupaka rangi chumba cha nyuma. Nimeweka kiti kimoja dirishani na kimeza cha chai. Asubuhi nakaa pale na hakuna anayeniita. Unajua sijawahi kukaa mahali ambapo hakuna kengele ya mgonjwa? Siku ya kwanza niliinuka mara tatu bila kuitwa na mtu.

Dada yako

17 Februari

Dada, shikamoo. Magoti hayajambo?

Nimekutumia picha nyingine tatu. Moja nimeipiga juani, moja karibu, moja nimeweka sindano ya cherehani pembeni ili uone ukubwa. Bando amezitazama akasema zimefika zote. Bando ni yule mama anayeuza vocha hapa kona. Jina lake halisi tumelisahau hata sisi majirani zake.

Kidonda kimepanuka. Mama anasema hakimuumi, na hilo ndilo linalonitisha, kwa sababu Mama huumwa hata na mshono wa gauni. Kuna harufu. Naona aibu kuandika hivyo kuhusu Mama, lakini ipo.

Mganga wa zahanati alifunga bandeji akasema, kama tuna ndugu karibu na hospitali kubwa ya huko kwenu, tumpeleke. Nikamwambia tunaye, tena mwalimu wa wauguzi, ngoja nimuulize. Nimeacha sare kwa sasa. Nasubiri neno lako. Ukisema nimlete, nafunga mlango kesho yake.

Mdogo wako

20 Februari

Mdogo wangu,

Marahaba. Naandika kwa haraka. Simu ilinianguka jikoni, kioo kimepasuka, iko kwa fundi. Kwa hiyo hizo tatu pia sijaziona. Watu wa zahanati hupenda kutuma wagonjwa mbali ili wapunguze foleni, nimewajua miaka mingi. Endelea kuosha. Usikurupuke.

Nitakuandikia simu ikirudi.

Dada yako

11 Machi

Dada,

Mama amekatwa vidole viwili vya mguu wa kulia. Ilikuwa Jumanne ya wiki iliyopita, hospitali ya wilaya. Jana tumerudi nyumbani. Anakula kidogo. Nimeandika haya mwanzo ili usihangaike kuyatafuta chini.

Baada ya barua yako ya kioo kupasuka, nilingoja nyingine siku saba. Siku ya nane nilimkuta Mama anaongea na marehemu Baba, mwili unachemka, nikaomba gari la mwenye duka. Daktari alifungua bandeji akauliza, "Mlikuwa wapi wiki zote hizi?" Nikamjibu, "Nilikuwa namsubiri dada yangu, ni mkufunzi wa wauguzi, simu yake ina matatizo." Akaendelea na kazi.

Bando alikuja kumwona Mama wodini. Tukiwa tumekaa kwenye benchi la nje, akaomba simu yangu aangalie salio. Akaziona zile picha.

"Shoga, na hizi alama mbili za bluu?"

"Si mapambo tu?"

"Mapambo! Maana yake kafungua, kaona. Ngoja." Akaishikilia picha ya kwanza, ikatokea orodha. "Tazama hapa. Tarehe saba, saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi. Ulituma saa ngapi?"

"Kasorobo hivi. Dakika tano kabla."

Akagusa ya pili, ya tatu, ya nne. Zote ulizifungua siku ileile niliyozituma. Na siku iliponifikia barua yako kwamba simu iko kwa fundi, Bando anakumbuka aliniambia dada yako yuko hewani, mpigie. Nikamwambia haiwezekani, labda ni fundi anaijaribu. Nilikutetea, Dada.

Bando akanirudishia simu, salio hakuliangalia tena.

Sikuulizi kwa nini. Nakujulisha tu kwamba najua. Mama hajui. Anaulizia pua yako.

Binti wa mama yako

14 Machi

Mdogo wangu,

Nilizifungua zote.

Ya kwanza niliifungua nimekaa kwenye kile kiti cha dirishani. Nikaikuza kwa vidole viwili kama nilivyojisifu kwako. Katikati palikuwa pa njano, na ukingo umeanza kuwa mweusi. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angejua. Nilijua kabla chai haijapoa.

Nilijua pia kitakachofuata. Ningeandika "mlete", na hospitali kubwa iko mitaa mitatu kutoka hapa kwangu. Angelala wapi? Chumba cha nyuma. Nikaliona beseni, nikaziona shuka, nikasikia naitwa. Nikaigeuza simu kifudifudi juu ya meza. Sikuwa na kinyongo na Mama, usije ukatafuta ugomvi wa zamani wa kunisaidia. Sikutaka kuitwa, basi.

Kisha nikatafuta maneno, na simu ikanipa. Simu mpya ni mahali pazuri sana pa kujificha mtu wa umri wangu. Ukisema umeshindwa kufungua picha, watu wanacheka, wanakusamehe hapo hapo, hata wanakuonea huruma. Mimi niliyekueleza duara linavyozunguka sikuliona likizunguka hata mara moja. Niliwahi kumsikia jirani akilalamika kuhusu duara hilo, nikaliazima. Kioo hakikupasuka. Sikufika kwa fundi. Kwenye simu hii kitu kimoja tu sikukijua kweli, nacho ni kwamba alama za bluu zina maana.

Picha ya sindano ndiyo inayonirudia. Ulifikiri kama muuguzi: uweke kitu ambacho kipimo chake kinajulikana. Nimefundisha hilo miaka mingi na wengine hawakulishika. Wewe hukufundishwa na mtu. Nikaiangalia, nikasema moyoni, "Ameweka vizuri," halafu nikaandika kwamba sijaona.

Wakati fulani nilimfukuza mwanafunzi wodini kwa sababu aliandika "sikuona" kwenye daftari la zamu, kumbe aliona akaogopa kuniamsha. Alilia pale mlangoni. Nikamsomesha kwamba kidonda hakina aibu, aibu ni ya anayegeuza uso. Wenzake walinakili sentensi ile kwenye madaftari yao. Tangu barua yako ifike namkumbuka, na jina lake limenitoka.

Barua hii nimeiandika mara nne. Tatu za mwanzo zilijaa maelezo ya uchovu wangu, miaka thelathini na minane, usiku na mchana. Nimezichana. Uchovu ni wa kweli, lakini nawe umechoka, una sare mpaka kitandani, na hukufumba macho. Ulichokosea ni kuniamini, na hilo si kosa lako.

Hapa mtaani bado wananiita Mwalimu. Juzi mama mmoja alinisimamisha sokoni, akamvua mumewe kiatu mbele za watu nimwangalie mguu. Nilimwangalia. Nikasema, "Nendeni hospitali leo." Nikarudi nyumbani nikashindwa kuweka sufuria motoni.

Nakuja Alhamisi kwa basi la asubuhi. Usiandae chochote. Kazi ya bandeji ni yangu kuanzia siku hiyo. Kama hutaki kukaa chumba kimoja nami, nitamhudumia wewe ukiwa kwenye cherehani. Daktari akiruhusu, nitarudi na Mama huku, akae kadiri atakavyotaka yeye. Kitanda kimeshaingia chumba cha nyuma. Na habari ya picha, usimwambie. Niachie nimwambie mwenyewe, nikiwa mbele yake, uso wote.

Sikuombi unijibu.

Mtoto wa kwanza wa Mama

(Ujumbe wa simu) 15 Machi, saa moja asubuhi

Mdogo wangu, hamjambo hapo? Barua nimeifikisha ofisi ya vifurushi jana jioni, utaipata kesho. Niliyofanya yamo humo, sitayarudia hapa. Kuna jambo ambalo haliwezi kungoja basi, ndiyo maana naliandika kwenye simu, na kama unavyoona, naandika bila shida.

Sasa hivi mguu wa kushoto wa Mama unafanya kazi ya miguu miwili. Ndio anaouegemea akishuka kitandani, ndio anaouburuta akienda chooni. Nao hausikii maumivu, kama mwenzake. Nyumba nzima inatazama bandeji, hakuna anayekumbuka mguu mwingine. Nimewapokea wengi wodini waliorudi kwa mguu wa pili, na wote nyumbani kwao walisema ule ulikuwa mzima.

Usinijibu kama hutaki. Alama zikigeuka bluu, nitajua umesoma. Wala usinisubiri mimi nifike. Leo, mvue Mama soksi ya mguu wa kushoto, uangalie kisigino na katikati ya vidole.