Ndizi za Jumamosi

Jumamosi, 1 Novemba
Soko Kayanga. Maharage tumeyauza yote kabla ya saa sita. Baba Domina kaniacha kituoni, eti anamfuata fundi wa pampu. Jumamosi ya tano hii. Zamani, kazi ikiisha, tulikwenda moja kwa moja mgahawani kwa Mama Koku. Sahani moja kubwa ya ndizi na nyama, tunakula wote wawili. Tangu nesi anikataze ndizi, wali na ugali kwa sababu ya kisukari, mume wangu amekuwa na mafundi wengi sana. Nimekula yai la kuchemsha kwenye benchi. Nina hasira.

Jumatatu, 3 Novemba
Asubuhi mayai. Mchana mchicha na dagaa. Usiku mchicha. Huku kwetu Rugu aliyekula bila ndizi husema hajala, na kweli hajala. Mimi sijala tangu Septemba.

Jumamosi, 8 Novemba
Leo nimemwona. Yuko kwa Mama Koku, peke yake, anakula ndizi harakaharaka kama mwizi. Hakuniona. Hakuna cha fundi wala pampu. Anajificha ili nisitamani. Najua ni huruma. Afadhali angekuwa na mwanamke, ningepata wa kumtukana. Nimerudi na bodaboda, sikumsubiri.

Jumatano, 12 Novemba
Nimekwenda kwa Mama Koku mwenyewe. Nikaagiza nyama na kabichi, nikamwambia asiweke ndizi, nina sukari. Akaguna. Kwake kumpa mtu nyama tupu ni kama kumfukuza. Sahani ikaja, na chini ya kabichi kuna ndizi, laini, zimelowa mchuzi. Amezificha kwa heshima. Nilizijua kwa harufu kabla sijazifunua. Sikumwita. Nimekula zote, nikaufuta mchuzi kwa kidole. Nilitamani Baba Domina awepo, tugombanie ile ya mwisho. Machozi yakanitoka mbele za watu. Aibu.

Alhamisi, 13 Novemba
Kliniki. Sukari iko juu kuliko mwezi uliopita. Nimekiri ndizi. Nesi hakufoka, na mimi nilitaka anifokee. Amesema tu, "Mama, macho yako hayatakungoja."

Jioni nimemweleza Baba Domina yote, hata kwamba nilimwona. Akasema, "Sasa Mama Domina, nitakulaje mbele yako?" Nikamwambia ale. Ndizi nitaziacha. Kula peke yangu siwezi. Akatoka kwenda kufunga mbuzi.

Ijumaa, 14 Novemba
Baba Domina bado hajasema kama atakula nami. Nimepepeta maharage ya kesho. Naogopa.

Jumamosi, 15 Novemba
Soko limekwisha mapema. Hakutaja fundi. Alitangulia, nikamfuata, tukaingia kwa Mama Koku. Sahani mbili, mara ya kwanza tangu tuoane. Nilisimama jikoni mpaka yangu ikapakuliwa: nyama, kabichi, nusu parachichi. Mama Koku alipakua huku amenuna. Ya Baba Domina, ndizi na nyama.

Akaanza kula kwa haraka. Nikamshika mkono. Akaelewa, akala polepole, tukazungumza habari za mbuzi na ada ya Domina. Nilizitamani zote, moja moja, mpaka akamaliza. Kisha tukanawa.